Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Elimu na Reli: Tunaomba Maisha Yote ya Zhou Enlai

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Elimu na ya Uchukuzi,
Kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, Makumbusho ya Taifa, na uongozi wa Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia.

YAH: MAISHA YA ZHOU ENLAI KATIKA VITABU VYETU NA KATIKA STESHENI ZA TAZARA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Historia. Nimefundisha kwa miaka 32 katika shule za Nyanda za Juu Kusini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeishi mahali ambapo honi ya treni ya TAZARA husikika usiku wa manane, hasa majira ya baridi ambapo sauti husafiri mbali. Nawaandikia hadharani kwa kuwa jambo ninaloliomba si langu peke yangu, na kwa kuwa wakati wake ni sasa, vitabu vya somo la Historia ya Tanzania na Maadili vikiwa bado vinaandikwa na stesheni za reli yetu zikisubiri kukarabatiwa.

Mwaka wangu wa mwisho kazini niliwauliza wanafunzi wa kidato cha nne kama kuna anayemjua Chou En-lai. Kijana mmoja wa nyuma alinyoosha mkono akasema, "Ni suti, Mwalimu. Babu anayo, anaivaa sikukuu." Darasa lilicheka, nami nikacheka, kisha nikatambua kwamba kijana hakukosea. Lile vazi la kola fupi lililofungwa vifungo hadi shingoni, walilolivaa viongozi wetu katika miaka ya mwanzo ya Azimio la Arusha, mafundi cherehani waliliita kwa jina la Waziri Mkuu wa China, na jina limebaki kwenye nguo baada ya mwenyewe kusahaulika. Mwanafunzi mwingine, mwenye bidii zaidi, alikuwa amesoma maandishi mawili tofauti, moja likiandika Chou En-lai kwa tahajia ya zamani na jingine Zhou Enlai kwa tahajia ya sasa. Akaandika katika daftari lake kwamba China ilikuwa na mawaziri wakuu wawili waliopokezana: wa kwanza aliahidi reli, wa pili akaijenga. Nilimwekea mkasi kwa wino mwekundu, lakini jioni ile nilijiuliza kama aliyestahili mkasi ni yeye au sisi tuliompa maandishi hayo bila maelezo.

Ombi langu ni kwamba maisha ya mtu huyu yasimuliwe kwa Kiswahili yote kwa pamoja, kuanzia alikozaliwa hadi alivyokufa, pamoja na aliyoyafanya ambayo hayapendezi. Kila tunapomtaja siku hizi tunamtaja kwa sentensi moja ya urafiki, na sentensi ile haimtoshi.

Alizaliwa tarehe 5 Machi 1898 katika mji wa Huai'an, jimbo la Jiangsu, katika ukoo wa maofisa wasomi uliokuwa umefilisika. Akiwa bado mchanga alipewa baba yake mdogo aliyekuwa mahututi na asiye na mtoto, akalelewa na mjane wa huyo baba mdogo, mama aliyempenda na kumfundisha mashairi. Kabla hajatimiza miaka 11 alikuwa amewazika mama zake wote wawili, aliyemzaa na aliyemlea, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa akihesabu madeni ya nyumba na kupeleka vitu rehani. Waliomfahamu ukubwani walishangazwa na uvumilivu wake na namna alivyoweza kuficha moyoni kile alichokifikiri. Mimi nadhani mtu akisoma sura hiyo ya utoto hatashangaa sana.

Alisoma shule ya Nankai mjini Tianjin, akaenda Japani mwaka 1917, akarudi mwaka 1919 wakati wanafunzi wa China walipokuwa barabarani, akafungwa kwa miezi kadhaa mwaka 1920, na mwishoni mwa mwaka huo akapanda meli kwenda Ufaransa. Huko Ulaya ndiko alikoingia katika ukomunisti. Aliporudi mwaka 1924 alifanya kazi katika idara ya siasa ya Chuo cha Kijeshi cha Whampoa, karibu na Guangzhou, chini ya mkuu wa chuo Chiang Kai-shek, ambaye miaka mitatu baadaye aliwageukia wakomunisti wa Shanghai kwa risasi. Mwaka 1925 alimuoa Deng Yingchao, mwanaharakati mwenzake. Hawakujaliwa mtoto, wakawalea watoto wa wenzao waliouawa.

Sasa naomba msimame kidogo mwaka 1931. Zhou alikuwa Shanghai akiendesha mtandao wa siri wa Chama cha Kikomunisti, na mwezi Aprili mkuu mmoja wa usalama wa chama, Gu Shunzhang, alikamatwa mjini Wuhan akageuka upande wa serikali ya Chiang. Chama kiliokoka kwa saa chache tu, na Zhou ndiye aliyewahamisha watu haraka. Kilichofuata hakikuandikwa kwenye mabango ya urafiki: watu wa familia ya Gu waliuawa na kufukiwa kwa siri, kwa amri za mtandao aliouongoza Zhou, na miili ikafukuliwa baadaye mwaka huohuo. Mwanafunzi wa kidato cha nne ana umri wa kutosha kulijua hilo. Akilijua, atauelewa zaidi utulivu wa yule bwana mwenye tabasamu anayeonekana akishuka kwenye ndege, kwa sababu ulikuwa utulivu wa mtu aliyeyaona na kuyafanya mengi.

Safari Ndefu ya mwaka 1934 na 1935, jeshi la wakomunisti lilipokuwa likiwakimbia adui zake kwa miguu, inajulikana, sitaizungumzia sana, isipokuwa kwamba katika mkutano wa Zunyi, Januari 1935, Zhou alikuwa miongoni mwa wakubwa wa jeshi lililokuwa limeshindwa vibaya, akakubali makosa yake mbele ya wenzake na kumuunga mkono Mao Zedong, ambaye mpaka hapo alikuwa chini yake. Tangu siku hizo hadi kifo hakutoka tena chini ya Mao. Na mkiwa na picha zake, mtazameni mkono wa kulia: umekunjwa kwenye kiwiko karibu kila picha. Si mbwembwe za kupiga picha. Alianguka kutoka juu ya farasi kule Yan'an mwaka 1939, mfupa haukuunga vizuri, na hata matibabu ya Moscow hayakuunyoosha. Kwa mkono huohuo alimpokea Rais wa Marekani Richard Nixon uwanjani Beijing tarehe 21 Februari 1972, miaka 18 baada ya Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani John Foster Dulles kukataa kumpa mkono kule Geneva.

Waheshimiwa, Zhou alikuwa Waziri Mkuu tangu tarehe 1 Oktoba 1949, siku Jamhuri ya Watu wa China ilipotangazwa, hadi alipofariki, zaidi ya miaka 26 bila kukatika, na katika miaka kama 8 ya mwanzo alikuwa pia Waziri wa Mambo ya Nje. Mwaka 1955 alikwenda Bandung, Indonesia, kwenye mkutano wa nchi za Asia na Afrika, baada ya ndege ya India iliyowabeba baadhi ya watu wa ujumbe wa China kulipuliwa kwa bomu angani. Yeye alikuwa amebadili safari. Alifika mkutanoni akazungumza kwa upole na watu waliokuja wakiwa wameshamtilia shaka, na wengi waliondoka wakimsifu.

Kuanzia tarehe 14 Desemba 1963 hadi Februari 1964 alizunguka nchi 10 za Afrika, kutoka Misri hadi Somalia. Dar es Salaam, Kampala na Nairobi zilikuwa kwenye ratiba, lakini tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambini Colito, maasi yakaenea Uganda na Kenya, na ziara ikaahirishwa. Siku chache kabla ya hapo alikuwa Ghana, ambako Kwame Nkrumah alikuwa amenusurika kuuawa tarehe 2 Januari. Badala ya kufuta safari, Zhou alimtumia ujumbe kwamba asisumbuke kuja kumpokea uwanjani, watakutana ndani ya ngome alimokuwa akikaa Nkrumah. Mgeni anayemwondolea mwenyeji aibu ya kutoweza kumpokea huyo sisi watu wa Pwani na wa Bara tunamjua kwa jina moja tu, muungwana. Ni katika ziara hiyo alipotangaza kanuni 8 za misaada ya China, mikopo isiyo na riba au yenye riba nafuu, bila masharti. Iliyonigusa siku zote ni ile ya nane, kwamba wataalamu wa China waishi kwa hali ileile ya wataalamu wa nchi wanayoisaidia, wasidai makubwa. Wazee wa Mlimba na Makambako hawakuwahi kuisoma kanuni ya nane. Waliiona. Waliwaona Wachina wakilala kwenye mahema, wakilima mboga kando ya kambi, na wahandisi wakibeba mataruma pamoja na vibarua.

Dar es Salaam alikuja hatimaye Juni 1965, miezi michache baada ya Mwalimu Nyerere kurudi kutoka Beijing. Alihutubia umati akasema kwamba hali ilikuwa nzuri sana kwa mapinduzi, si Afrika pekee, maneno yaliyowakera baadhi ya majirani zetu waliokuwa ndiyo kwanza wamezima maasi ya askari wao. Hapo alikosea kuisoma Afrika, na isiwe tabu kulisema. Lakini kuhusu reli hakukosea. Benki ya Dunia ilikuwa imeshasema haina faida. Baada ya wazungu wachache wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, shaba ya Zambia ilihitaji njia ya kwenda baharini isiyopita kwa Ian Smith, kiongozi wa wazungu hao, wala kwa Wareno. Mkataba ulisainiwa Beijing tarehe 5 Septemba 1967: mkopo ambao hatimaye ulikuwa Yuani milioni 988, bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30, kwa reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. China yenyewe ilikuwa nchi maskini. Nyerere alilifahamu hilo, ndiyo maana alisitasita kabla ya kukubali.

Ninataka mtazame tarehe ya mkataba ule tena, Septemba 1967. Mwezi uleule China ilikuwa katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao dhidi ya waliodaiwa kuyapinga mapinduzi. Watu walikuwa wakipigwa barabarani, na ubalozi mdogo wa Uingereza mjini Beijing ulikuwa umechomwa moto wiki mbili tu zilizopita. Zhou alikuwa akishughulikia mambo ya reli yetu mchana, na usiku akibembelezana na vijana wa Walinzi Wekundu, wafuasi wa kampeni hiyo, wasivamie ofisi za serikali. Aliamuru Mji Uliokatazwa, kasri la kale la wafalme mjini Beijing, ufungwe na askari wakaulinda, ukapona. Aliwaficha baadhi ya wazee wa chama na wanasayansi. Na wengine hakuwaficha. Liu Shaoqi, Mwenyekiti wa nchi, aliyempokea Mwalimu Nyerere Beijing Februari 1965, alifukuzwa chamani Oktoba 1968 kwa tuhuma za uongo za usaliti, na Zhou aliziunga mkono. Liu alifia kizuizini mjini Kaifeng, Novemba 1969. Sun Weishi, binti ambaye Zhou na mkewe walimlea kama wao, mwongozaji wa tamthilia, alifia gerezani Beijing Oktoba 1968, baba yake wa kulea akiwa Waziri Mkuu wa nchi.

Na kabla ya hapo kuna njaa. Zhou alionya mwaka 1956 na 1957 dhidi ya kukimbiza uchumi, Mao akamkemea, naye mwaka 1958 akajikosoa hadharani na kuandamana na wengine katika Mruko Mkuu, mpango wa Mao wa kukuza uchumi kwa haraka, ambao watu waliokufa kwa njaa yake wanahesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Mei 1961 alikwenda kijijini Boyan, mkoa wa Hebei. Mkulima mmoja alimwambia usoni kwamba mambo yakiendelea hivi miaka miwili zaidi, hata yeye Waziri Mkuu hatapata cha kula. Hakumkamata. Alimpigia simu Mao usiku akamweleza kwamba wakulima hawayataki mabwalo ya chakula cha pamoja. Sisi tulioona nyumba za wazazi wetu zikivunjwa wakati wa Operesheni Vijiji tunajua ni nadra kiasi gani mkulima kumwambia mkubwa neno kama lile, na ni nadra zaidi mkubwa kulifikisha juu. Hata hivyo simu ile ilikuja wakati wengi walikwisha kuzikwa.

Najua pingamizi litakalotolewa mezani: tutawaudhi marafiki. Naomba nilijibu kwa staha. Chama cha Kikomunisti cha China chenyewe kilimrudishia Liu Shaoqi heshima yake mwaka 1980, na Juni 1981 Kamati Kuu yake ikapitisha azimio lililoyataja Mapinduzi ya Utamaduni kuwa kosa kubwa lililoleta hasara nzito. Deng Xiaoping, aliyesoma hotuba ya maombolezo ya Zhou, alimwambia mwandishi Oriana Fallaci mwaka 1980 kwamba Zhou alisema na kutenda mengi ambayo asingependa kuyatenda, na kwamba wananchi walimsamehe, kwa kuwa bila hivyo asingesalimika wala asingeweza kupunguza madhara. Mtu anaweza kukubali au kukataa utetezi huo. Mimi naukubali nusu. Lakini ikiwa Deng aliweza kulisema hilo mbele ya mwandishi wa kigeni, kitabu cha shule cha Tanzania kinaogopa nini? Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1977 alikaa akaandika palipokwenda kombo katika miaka 10 ya Azimio la Arusha, na hakuna aliyesema amelitukana taifa.

Nirudi kwenye ombi. Septemba 2024, mjini Beijing, hati ya kuifufua reli ilitiwa saini mbele ya Marais wa China, Tanzania na Zambia. Rangi mpya itapakwa, mabango mapya yatawekwa, na mabango yanayowekwa na mkandarasi huandikwa kwa lugha ya mkandarasi. Naomba kabla ya siku hiyo Taasisi ya Elimu na Makumbusho ya Taifa wakae na watu wa TAZARA, waandike kijitabu cha Kiswahili cha maisha ya Zhou Enlai kwa wanafunzi wa sekondari, kikieleza mapema kabisa kwamba Chou En-lai na Zhou Enlai ni mtu mmoja, na kwamba lile neno lake maarufu linalodhaniwa kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, kwamba ni mapema mno kusema matokeo yake, mkalimani aliyekuwapo amekwisha kueleza kuwa Zhou alikuwa akizungumzia ghasia za Paris za mwaka 1968. Nimelisikia likinukuliwa vibaya kwenye semina za walimu mara nyingi kupita kiasi, na mimi ni mmoja wa walionukuu. Kijitabu kiseme pia aliyoyafanya Shanghai na aliyoyaruhusu Beijing, kwa sentensi zilezile tulivu zitakazoieleza Bandung.

Kwa upande wa reli naomba kitu kidogo zaidi. Pale stesheni kuu ya Dar es Salaam, kwenye ukumbi ule mpana wenye dari refu, abiria husubiri kwa saa nyingi, na kwa ratiba tunayoijua sote husubiri kweli kweli. Wana muda wa kusoma. Liwekwe bango lenye tarehe mbili. Ya kwanza, 8 Januari 1976, siku Zhou alipofariki Beijing kwa saratani ya kibofu iliyogunduliwa mwaka 1972, baada ya kuendelea na kazi hadi Juni 1974 ndipo akahamia hospitali kwa upasuaji mkubwa, na hata humo akiendelea kupokea wageni. Majivu yake yalimwagwa kutoka kwenye ndege kama alivyoagiza, na Aprili mwaka ule watu wa Beijing walijaza mashada ya maua uwanja wa Tiananmen kwa ajili yake hadi wenye mamlaka wakayaondoa usiku na watu wakapigwa. Ya pili, 14 Julai 1976, siku reli ilipokabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia kule Kapiri Mposhi. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miezi sita. Aliyeikubali reli hakuiona ikikabidhiwa.

Chini ya tarehe hizo abiria waelekezwe kwenye makaburi ya wataalamu wa Kichina, Gongo la Mboto, safari fupi kwa daladala. Nilikwenda mara ya mwisho mwezi Aprili. Makaburi ni karibu 70, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka, majina kwa herufi za Kichina ambazo sikuweza kuzisoma, na kwenye kaburi moja mtu alikuwa ameacha sigara tatu zilizowashwa zikaachwa ziungue zenyewe, majivu yake yakiwa bado yamesimama. Mlinzi aliniuliza nimemfuata nani. Nikamwambia sina ndugu pale, nimekuja tu, naye akanifungulia lango bila swali la pili.

Madaftari yangu ya masomo, pamoja na tafsiri ya kanuni zote 8 niliyoitumia darasani, ninayo nyumbani kwenye sanduku la bati. Nipo tayari kuyakabidhi kwa ofisi yoyote itakayoyahitaji, na nauli nitajilipia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Makambako.